Sumaku Haivuti Sumu: Vitenzi vya Kiswahili katika Maelezo ya Usafishaji wa Maji

Utangulizi

Sentensi inayomjia kwa wepesi mtu anayesimulia habari za sayansi kwa Kiswahili ni kwamba wataalamu wamebuni sumaku inayovuta sumu kutoka majini. Ni sentensi fupi, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataielewa bila kufungua kamusi. Kasoro yake ni kwamba si kweli. Aseniki, ambayo ni mojawapo ya sumu zinazotajwa sana katika habari hizo, haivutwi na sumaku. Mtu akifunga sumaku kwenye bomba la nyumbani kwake, hata iwe na nguvu kiasi gani, aseniki itapita pamoja na maji hadi kwenye birika, na kutoka kwenye birika hadi mwilini.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kompositi-nano za sumaku zinavyotumiwa kuondoa sumu katika maji. Aidha, yanadai kwamba maelezo hayo katika Kiswahili husimama au huanguka kwa sababu ya vitenzi vichache tu: kunyonya, kunasa, kuvuta na kuachia. Mijadala ya istilahi aghalabu hushughulikia nomino. Hata hivyo, nomino si tatizo kubwa. Oksidi, ioni na molekuli zimekwisha kupata uraia katika Kiswahili, na watumiaji wake hawalalamiki. Kitenzi ndicho kinachobeba utaratibu wa jambo lenyewe. Kikikosewa, msomaji huondoka na picha potovu hata kama nomino zote zimesanifishwa.

Maji safi na maji salama

Mfano ulio bayana zaidi ni ule wa Bangladesh. Zamani wanakijiji wengi wa nchi hiyo walikunywa maji ya vidimbwi na mito, maji yaliyobeba vijidudu vya kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilihimiza uchimbaji wa visima vya bomba. Bomba jembamba huzamishwa ardhini, na juu yake hufungwa pampu ya mkono. Visima hivi vilienea hadi vikahesabiwa kwa mamilioni, na vingi vilichimbwa na familia zenyewe kwa gharama zao. Maji yaliyotoka humo yalikuwa maangavu na baridi, tena hayakuwa na harufu. Kwa kipimo cha jicho na ulimi, yalikuwa maji safi.

Aseniki haikupimwa. Katika jimbo jirani la West Bengal nchini India, daktari wa ngozi K. C. Saha wa mjini Kolkata aliwatambua wagonjwa wa kwanza mwaka wa 1983: watu wenye madoa mwilini, na viganja na nyayo zilizogeuka kuwa ngumu na zenye vinundu. Katika visima vya Bangladesh aseniki ilithibitishwa mwaka wa 1993. Makala iliyochapishwa mwaka wa 2000 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba watu baina ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 125. Matokeo ya utafiti mkubwa yaliyotolewa mwaka wa 2001 yalionyesha kwamba asilimia 27 ya visima vya kina kifupi vilizidi mikrogramu 50 za aseniki kwa lita moja, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Bangladesh. Kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10, visima vilivyozidi vilikuwa asilimia 46. Sumu hii haiui kwa siku moja. Huchukua miaka mingi, kisha hujitokeza kama saratani ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana la kujiuliza. Katika matangazo ya umma na hotuba za viongozi, “maji safi na salama” ni kifungu kilichozoeleka hadi kikawa kama takriri. “Salama” huongezwa kukamilisha mdundo, si kuongeza maana. Visa vya Bengal vinaonyesha kwamba maneno hayo mawili yanaweza kutengana kabisa. Usafi hushuhudiwa na jicho. Usalama wa maji ya kisima kama kile hauwezi kushuhudiwa na kiungo chochote cha mwili. Hushuhudiwa na maabara. Hata ushauri ambao kila mtoto wa shule nchini Kenya anaujua, yaani chemsha maji kabla ya kuyanywa, haufui dafu mbele ya aseniki. Vijidudu hufa lakini aseniki hubakia, na maji yanapopungua kwa mvuke, kiasi kilichomo katika kila kikombe huongezeka kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu visima milioni 5 vya Bangladesh vilipimwa, kisha midomo ya pampu ikapakwa rangi: kijani kwa kisima kinachofaa, nyekundu kwa kisima chenye aseniki kupita kiwango. Takriban visima milioni 1.4 vilipata rangi nyekundu. Inafaa kutaja kwamba ishara hiyo, ambayo haikuhitaji mtu ajue kusoma, ilifika vijijini kabla ya mitambo mingi ya kemia.

Chuma kilichoshika, kisha kikaachia

Ili kuelewa kwa nini wanasayansi walikimbilia chuma, ni lazima kuuliza aseniki hiyo ilitoka wapi. Haikumwagwa na kiwanda. Ilisafiri kutoka milima ya Himalaya ikiwa imeshikamana na kutu asilia, yaani oksidi za chuma zilizofunika chembe za mchanga na matope ya mito ya Ganges na Brahmaputra. Kwa maelfu ya miaka matope hayo yalitandazwa katika delta na kufukiwa pamoja na mabaki ya mimea. Chini huko hewa haifiki. Bakteria wanaoishi humo hula mabaki ya mimea, na kwa kuwa hawana oksijeni ya kupumulia, huitumia kutu badala yake. Kutu huyeyuka. Ikiyeyuka, aseniki iliyokuwa imeishikilia hubaki haina makao, ikaingia majini.

Kwa hiyo chuma ndicho kilichoibeba aseniki tangu mwanzo, na uwezo wake wa kuishika haukuwa siri kwa wanakemia. Mwaka wa 2007 Abul Hussam, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani ambaye ni mzaliwa wa Bangladesh, alitunukiwa Tuzo ya Grainger ya dola milioni 1 kwa chujio liitwalo SONO. Chujio hilo ni ndoo zilizopangwa moja juu ya nyingine, zenye mchanga, makaa, vipande vya matofali na tabaka la chuma kilichotayarishwa maalumu. Halina sumaku wala halitumii neno nano, na limewafaa watu vijijini kuliko uvumbuzi mwingi ulioandikwa kwa mbwembwe. Mwandishi yeyote anayezisifu kompositi-nano anapaswa kuanza kwa kukiri hivyo.

Kunyonya au kunasa?

Namna chuma kinavyoishika aseniki ndipo vitenzi vinapoanza kumsumbua mfasiri. Katika mazungumzo ya kawaida husemwa kwamba kitu fulani “kinanyonya” sumu. Mtoto hunyonya maziwa yakaingia tumboni. Sifongo hufyonza maji yakaingia katika vitundu vyake. Udongo mkavu hufyonza mvua. Katika vitenzi vyote viwili, kinachochukuliwa huingia ndani ya kinachochukua. Aseniki haiingii ndani ya chembe ya chuma. Hushika juu yake, katika uso wa nje.

Tofauti hii si ya kupendezesha mitihani. Kama aseniki ingefyonzwa, basi donge kubwa la kutu lingekuwa bora kuliko dogo, kama sifongo kubwa ilivyo bora kuliko ndogo. Kwa kuwa hushika juu tu, sehemu yote ya ndani ya donge ni mzigo usio na kazi. Mtu aliyepita katika shamba lenye kishonanguo analijua jambo hili pasipo kufundishwa. Mbegu zile nyeusi hung'ang'ania juu ya nguo; haziingii kwenye mifuko. Anayetaka kukusanya mbegu nyingi hatavaa koti zito zaidi, bali atatandaza shuka pana.

Kuna vitenzi viwili vinavyoweza kuubeba mshikamano wa namna hii: kunata na kunasa. Kunata kuna kasoro. Gundi hunata kwa chochote kinachoigusa, na hunata kwa sababu ya ulaini wake. Chembe ya chuma si laini, na haishiki kila kitu. Ina mahali maalumu ambapo atomu za aseniki na oksijeni zinaweza kufunga kifungo cha kikemia. Mahali hapo pakijaa, hapachukui zaidi. Kitenzi kunasa kinabeba maana hizo zote, kwani nyuma yake pana mtego. Mtego huchagua windo, na mtego ulionasa hauwezi kunasa tena mpaka uteguliwe na kutegwa upya. Ndiyo maana makala haya yanapendekeza istilahi unasaji kwa mshikamano wa juu, na kuuachia ufyonzaji maana yake ya kuingia ndani. Faida yake itaonekana zaidi litakapotajwa suala la kutumia chembe zile zile mara ya pili.

Udogo na tatizo lake

Kipande cha mchemraba chenye upande wa sentimita 1 kina uso wa sentimita za mraba 6. Kikikatwakatwa kuwa vimchemraba vyenye upande wa nanomita 10, kiasi cha chuma ni kile kile, lakini uso wote ukijumlishwa hufikia mita za mraba 600, eneo linalozidi uwanja wa mpira wa vikapu. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Shuka pana imepatikana, basi, ila imezua tatizo jingine. Chembe za nanomita 10 zikitiwa majini hazitulii chini kama mchanga, na hupenya katika vichujio vya kawaida. Zinainasa aseniki vizuri, kisha zinaelea nayo, na mnywaji anakunywa vyote viwili. Ugumu wa teknolojia hii haujawahi kuwa kuinasa sumu. Ugumu ni kumpata mnasaji baada ya kazi.

Hapo ndipo sumaku inapoingia. Watoto wengi wamewahi kuburura kipande cha sumaku mchangani kikaibuka kimeota ndevu nyeusi. Mchanga ule mweusi kwa kawaida ni magnetaiti, mojawapo ya oksidi za chuma, na magnetaiti ina sifa mbili kwa pamoja: huinasa aseniki, na huvutwa na sumaku. Sentensi sahihi, kwa hiyo, ina vitenzi viwili na watendaji wawili. Magnetaiti hunasa sumu. Sumaku huvuta magnetaiti. Ukiviunganisha kuwa kitenzi kimoja, umeyafuta maelezo yote.

Hata hivyo, nadharia ilileta mashaka. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo mvuto wa sumaku juu yake unavyodhoofika, ilhali molekuli za maji huisukuma huku na huku bila kupumzika. Ilidhaniwa kwamba kuzitoa majini chembe ndogo kiasi hicho kungehitaji uga sumaku wenye nguvu nyingi na mitambo ya gharama kubwa. Mnamo Novemba 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wakiwemo Cafer Yavuz na Vicki Colvin, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyokwenda kinyume na dhana hiyo. Chembe za magnetaiti zenye kipenyo cha nanomita 12 zilikusanywa kwa sumaku za kawaida. Katika uga sumaku chembe hizo hazikutembea moja moja. Ziliathiriana na kushikana, zikavutwa kwa makundi. Sumaku ilipoondolewa, ziliachana. Kuhusu aseniki, chembe za nanomita 12 ziliondoa zaidi ya asilimia 98, ilhali kiasi hicho hicho cha magnetaiti katika chembe za nanomita 300 kiliondoa takriban robo tu.

Kitenzi kuachia hakitajwi sana, nacho ndicho kiini cha jambo hili. Sindano iliyosuguliwa kwa sumaku hubaki na usumaku hata sumaku ikiwa mbali. Chembe za magnetaiti zilizo ndogo kupita kiasi fulani husahau. Zikiwa mbele ya sumaku hutii. Ikiondoka, hazivutani tena. Kama zingebaki zikivutana, zingeganda kuwa madonge katika ndoo, na uso ule mpana uliotafutwa kwa juhudi ungefichwa ndani ya donge.

Baadaye Yavuz na wenzake walieleza, katika makala ya mwaka wa 2010, njia ya kutengeneza magnetaiti ya aina hii kwa vitu vya kawaida, vikiwemo kutu, siki na mafuta ya kupikia. Lengo lilikuwa kuwafikia watu wasio na maabara.

Fito na udongo

Magnetaiti tupu ina udhaifu wake. Ikikaa hewani hubadilika polepole kuwa oksidi nyingine. Katika maji yenye asidi kali huyeyuka. Nayo hainasi kila sumu. Tena fosfeti, ambayo ni nyingi katika maji ya visima vya Bengal, hugombania mahali pale pale panaponasa aseniki. Hizi ndizo sababu za kutengeneza kompositi, yaani kitu kilichoundwa kwa vitu viwili au zaidi ambavyo kila kimoja hubaki na tabia yake. Anayetaka mfano na atazame ukuta wa nyumba ya udongo. Fito hazigeuki udongo wala udongo haugeuki fito. Fito husimamisha, udongo huziba.

Katika kompositi-nano ya sumaku, magnetaiti ndiyo fito. Udongo hubadilika kulingana na windo. Magnetaiti ikivikwa silika, kisha silika ikaungwa vikundi vyenye salfa, hunasa zebaki, kwa kuwa zebaki na salfa hupatana mno. Ikivikwa kitosani, dutu inayotokana na maganda ya kamba na kaa, hunasa metali kama shaba na risasi. Mwaka wa 2010 watafiti wa Pohang, Korea Kusini, walipandika magnetaiti juu ya utando wa kaboni uitwao grafini, wakaripoti uondoaji wa aseniki uliozidi asilimia 99.9.

Kwa msomaji wa Kenya, mfano ulio karibu zaidi ni floraidi. Katika sehemu kadhaa za Bonde la Ufa, ikiwemo Nakuru, maji ya ardhini hupita katika miamba ya volkeno na kuchukua floraidi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya wakazi wa huko ni ushahidi unaoonekana, na watoto wanaohamia miji mingine huchekwa kwayo. Magnetaiti tupu hainasi floraidi vya kutosha. Majaribio ya maabara huivika hidroksidi ya alumini au ya zirkoni. Lakini kwa muda mrefu Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imesambaza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kwa kuwa madini ya mfupa huishika floraidi. Mfupa uliofanya kazi hiyo ukiisha nguvu hubadilishwa. Hauhitaji sumaku kwa sababu punje zake ni kubwa, nazo hukaa tuli ndani ya chujio. Kompositi-nano zinalazimika kushindana na mfupa huo kwa bei na kwa urahisi, si katika majedwali ya maabara peke yake.

Baada ya kunasa

Mtego ukijaa huteguliwa. Chembe zilizonasa aseniki huoshwa kwa maji yenye alikali, kama vile sodiamu hidroksidi. Aseniki huachia, na chembe hutegwa tena katika maji mengine. Uwezo wake wa kunasa hupungua kidogo kila zinapooshwa.

Kitenzi cha mwisho kinachopotosha ni kuangamiza. Vijidudu huangamizwa kwa moto au kwa klorini. Baadhi ya dawa za wadudu zinaweza kuvunjwavunjwa zikawa vitu visivyodhuru. Aseniki ni elementi. Haichomeki ikaisha, wala haivunjwi na kemikali yoyote. Kilichofanywa na magnetaiti ni kuihamisha kutoka maji mengi hadi maji machache, au hadi tope dogo. Sifa ambayo watafiti wa Rice waliisisitiza ni kwamba chembe ndogo hupunguza mno uzito wa taka inayobaki, kwani chuma kidogo hufanya kazi iliyohitaji kingi. Taka hiyo ndogo, lakini, ni kali zaidi kwa kila gramu. Miongoni mwa yanayopendekezwa ni kuifunga ndani ya saruji au matofali, na kila pendekezo linahitaji mtu wa kuikusanya nyumba hadi nyumba.

Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka wa 2016 ilisema kwamba watu wapatao milioni 20 nchini Bangladesh walikuwa bado wanakunywa maji yaliyozidi kiwango cha nchi hiyo. Kwa familia mojawapo kati ya hizo, tope jeusi linaloinuliwa na sumaku baada ya kusafisha ndoo moja halizidi vijiko vichache, na humo ndimo ilimo karibu aseniki yote iliyokuwa katika ndoo. Likimwagwa nyuma ya nyumba, kwenye shimo lenye unyevu na majani yanayooza, ambako hewa haifiki, bakteria wa aina ile ile ya delta wanaweza kuianza kazi ile ile.